Pawabanki imevimba kidogo, naweza kuendelea kuichaji?

Usiichaji. Ndugu yangu, umesema imevimba "kidogo tu" na unalala nayo kwenye chaji kitandani hapo hosteli kwa vile umeme unarudi usiku wa manane. Nimesoma hiyo nikashtuka, maana ndivyo nilivyofanya mimi hapa Arua, Uganda.

Yangu ilivimba mpaka mfuniko ukaachana pembeni. Nikampelekea fundi wa simu, akaibonyeza kwa kidole gumba akasema hiyo hewa tu, itashuka, endelea kutumia, akachukua elfu tano yangu. Elfu tano! Mtu ana meza ya simu miaka yote hiyo hajui ile ni gesi ya dawa za betri zinazoharibika humo ndani, na betri ya lithiamu ikifika hapo inaweza kujipiga shoti yenyewe. Nina hasira naye mpaka leo.

Usiku nikaichomeka nikaiacha juu ya godoro, joto halina pa kutokea, umeme ukarudi sisi tumelala. Nimeamshwa na mlio wa ssss kama tairi imetoboka, harufu tamutamu inakaba koo, halafu cheche zikaruka kama za mtu anayechomelea mageti. Nikachomoa waya nikajua imeisha, wapi! Ile ikishaanza haihitaji tena umeme wa ukutani, inajipasha moto yenyewe. Neti ikayeyuka ikanidondokea mkononi, godoro likashika, na moshi ule ni sumu. Mtoto wa dada yangu alikuwa amelala upande wa pili, nilimvuta kwa mguu mpaka nje. Jirani ndiye alimwaga majerikeni mawili ya maji.

Godoro nilinunua lingine. Ila yule mtoto mpaka sasa akisikia harufu ya plastiki inaungua anakimbilia mlangoni.

Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata dakika tano. Usiitoboe, usiibonyeze, usiitupe jalalani wanakochoma taka. Iweke nje kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na ukuta wa mbao. Na hata ukinunua mpya, ichaji ukiwa macho, juu ya simenti.

Sasa hivi iko wapi? Kama iko kitandani inuka uitoe kwanza ndo urudi kunijibu.