Mtoto wa plastiki anafundisha nini?

SWALI: Binti yangu anasomea ukunga Dodoma. Wanafanya mazoezi kwa mwanasesere. Kweli ataweza kumhudumia kichanga hai?

JIBU: Ataweza, mama. Mimi ni mkunga na hufundisha kwa NeoNatalie, mwanasesere wa kampuni ya Laerdal ya Norway. Tunamjaza lita 2 za maji ya uvuguvugu. Ukimbeba unahisi uzito wa kichanga hasa. Tunafundisha kumsukumia hewa kichanga asiyepumua: kichwa kikikaa vibaya au barakoa ya kupumulia ikivuja pembeni, kifua hakipandi ng'o! Mwanafunzi anarekebisha, anarudia, mpaka mikono izoee. Mafunzo haya yalipofanyika katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilipungua karibu nusu. Mwambie binti aombe zamu za ziada.