Kabla Hujajenga Jengo la Umbo la Ajabu Nairobi

Wateja wanaonijia na ramani ya jengo lenye umbo la ajabu huanza kwa kutaja KICC, jumba la mikutano katikati ya Nairobi, nami huwaambia kwamba mfano huo ni mzuri ila wameusoma nusu. Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, waliolisanifu jengo hilo la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973, waliuezeka ukumbi wake kwa paa la umbo la pia kwa sababu chini yake watu huketi kwa duara kumzunguka msemaji, huku mnara ukijaa afisi ambazo mpangaji yeyote anaweza kuzitumia.

Kazi yangu ni kukadiria gharama za ujenzi, kwa hivyo ushauri wangu huanzia mfukoni. Ukuta uliopinda hulipiwa mara nyingi: mbao zinazoshikilia zege hukatwa kwa kipimo kisichofaa kwingine, madirisha huagizwa moja moja, vigae hupotea kwa kukatwakatwa, na kabati la kawaida haliukalii ukuta. Mteja mmoja alitaka mkahawa wake, kando ya barabara ya kutoka mjini, uwe birika zima. Nilimwonyesha mahali ambapo mdomo wa birika ungekutana na kiwiliwili chake na maji ya mvua za Aprili yakatuama, akajenga jengo la mstatili na kusimamisha birika la chuma langoni. Makanga sasa wanakiita kituo hicho Birika.

Swali ninalolisisitiza zaidi ni nani atakayelitaka jengo siku utakapoondoka. Kampuni ya Longaberger, iliyouza vikapu, ilijenga makao yake makuu huko Newark, Ohio, mwaka 1997, kwa umbo la kikapu cha ghorofa 7 chenye mikono iliyowekewa vipasha joto ili barafu isigande juu yake. Biashara ilidorora, wafanyakazi wa mwisho wakahama mwaka 2016, na jengo likabaki tupu kwa miaka, kwani ni kampuni gani ya bima itakayokubali kuwapokea wateja ndani ya kikapu cha mwenzake? Duka la Long Island, New York, lililojengwa kwa umbo la bata mwaka 1931, ili kuuza bata na mayai yao, limedumu hadi leo, lakini hilo ni dogo na limehifadhiwa kama kumbukumbu.

Majirani nao wana haki yao. Uso wa kioo uliobonyea wa jengo la 20 Fenchurch Street ulikusanya miale ya jua na kuyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa mtaani mwaka 2013, tena London, ambako jua ni la kuombewa. Kabla ya kupeleka ramani kwa kaunti, mwombe mhandisi akuandikie kioo chako kitaelekeza jua wapi saa tisa alasiri mwezi Januari, na mkandarasi aeleze nani ataliosha jengo hilo, akining'inia kwenye nini.