Chandarua, mbalamwezi na asilimia zinazopanda zenyewe

SWALI: Habari za kazi, daktari. Ninasimamia wadadisi kwenye utafiti mdogo wa malaria katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Ujiji. Awamu ya kwanza tulikusanya takwimu tarehe 2 hadi 6 Septemba 2024. Tukatoa elimu kwa vipaza sauti na nyumba kwa nyumba, kisha tukarudi tarehe 15 hadi 19 Oktoba. Dodoso letu linaorodhesha wakazi wote wa kaya na kuuliza kila mmoja kama alilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia leo. Matumizi yamepanda sana, hasa kwa wanaume. Ila idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano wanaokutwa na malaria kwa kipimo cha haraka cha tone la damu haijashuka hata kidogo. Bosi anataka tuandike kwamba elimu imefaulu lakini vyandarua havizuii malaria. Mimi roho inasita. Tumekosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na roho yako imesita mahali pake. Nilipozisoma tarehe zako nilifungua kalenda ya mwezi kabla ya kitu kingine chochote. Giza la mwezi liliangukia tarehe 3 Septemba. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 17 Oktoba. Awamu yenu ya kwanza imekaa katikati ya giza, ya pili katikati ya mbalamwezi.

Kwa mtu wa Dodoma hilo si kitu. Kwa kijiji cha wavuvi wa dagaa ni kila kitu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haiwavuti samaki mwezi ukiwa unawaka juu. Kwa hiyo usiku wa giza wanaume wako ziwani hadi alfajiri, na mwezi ukikaribia kujaa mitumbwi inapumzika kama wiki moja, wenyewe wanalala nyumbani. Tena mwezi Septemba walikuwa na hamu ya kazi: ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei 2024 na kufunguliwa katikati ya Agosti.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia kijiji cha namna hiyo na madodoso yangu mapya, usiku wa giza, nikakuta wanawake, watoto na wazee watupu. Mwenyekiti wa kitongoji akanicheka: “Daktari, umekuja kuhesabu nyumba au watu?” Nilirudi mjini Kigoma na takwimu ambazo mpaka leo sijazitumia.

Sasa chukua kaya moja ya mfano. Baba, mama, kijana wa miaka kumi na saba na watoto wawili wadogo. Vyandarua viwili. Usiku wa giza baba na kijana wako ziwani, na waliobaki watatu wote wamelala ndani ya chandarua. Kwa dodoso lenu, linalohesabu wakazi wote, hiyo ni 3 kati ya 5, yaani asilimia 60. Usiku wa mbalamwezi baba na kijana wapo. Baba analala na mama, watoto wamo kwenye chandarua cha pili, kijana anatandika mkeka sebuleni bila chandarua. Sasa ni 4 kati ya 5, asilimia 80. Matumizi yamepanda na hakuna aliyebadili tabia!

Lakini igeuze hesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria hugawanya kwa watu waliolala ndani ya kaya usiku huo, si kwa wakazi wote. Ukifuata njia hiyo, kaya ileile inatoka 3 kati ya 3, asilimia 100, na kushuka hadi 80. Nyumba moja, vyandarua vilevile: hesabu moja inapanda, nyingine inashuka. Ndiyo maana ongezeko lenu limejaa upande wa wanaume. Hao hawakuwa wanakataa chandarua mwezi Septemba, walikuwa hawapo. Bosi akiuliza mbona uchunguzi wa kitaifa hauhangaiki na mwezi, mwambie ule hufika maeneo mengi, yawe ya wavuvi au la, kwa tarehe tofauti, hivyo giza na mbalamwezi huchanganyika. Ninyi mmekaa kijiji kimoja siku tano.

Takwimu zenu hazijafa, lakini. Kama dodoso lina safu ya nani alilala nyumbani usiku huo, wagawe watu makundi matatu: aliyelala ndani ya chandarua, aliyelala nyumbani bila chandarua, na aliyekuwa nje ya kaya. Toeni makundi yote matatu kwenye jedwali, msilifiche lile la tatu. Kisha tenganisha kaya zenye mvuvi na zisizo na mvuvi. Najua vijiji vya huko: chini mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, ni nyavu na vichanja vya dagaa, ukipanda mlimani ni michikichi na mihogo. Wa mlimani wamesikia vipaza sauti vilevile lakini ratiba yao ya kulala haifuati mwezi. Wakipanda nao, elimu inaweza kuwa imefanya kazi, ingawa mvua za Oktoba nazo huleta mbu na kuwafanya watu watumie vyandarua bila kuambiwa na mtu. Wasipopanda, umepata jibu.

Neno moja kuhusu kuuliza kwa mdomo. Mwambao huo baadhi ya vyandarua huishia kuvulia dagaa wadogo ufukweni, na kila mtu anajua ni kosa. Baada ya wiki sita za vipaza sauti, nani atamwambia mdadisi ukweli? Ombeni kuviona kitandani.

Kuhusu kipimo cha haraka, hapo bosi amekosea waziwazi. Kipimo kile hakitafuti vimelea vyenyewe bali protini yao, HRP2, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwezi, baada ya mtoto kumaliza dawa mseto na kupona. Mtoto aliyetibiwa mwishoni mwa Septemba anaweza kuonyesha mistari miwili, yaani alama ya malaria, tarehe 16 Oktoba. Wiki sita hazitoshi kuhukumu chandarua kwa kipimo hicho. Kama mlichukua matone ya damu kwenye vioo, yasomwe kwa darubini. Kama hamkuchukua, ondoeni kwenye ripoti sentensi ya kwamba vyandarua havizuii malaria.

Fedha za mafuta zikiruhusu awamu ya tatu, giza linalofaa liko tarehe 1 Desemba 2024. Nendeni tarehe 30 Novemba hadi 4 Desemba ili ilingane na Septemba, na wanaume muwahoji saa tisa alasiri mwaloni, wakiwa wanashona nyavu. Jua likizama hamtampata mtu.