Chai inapoa kabla ya saa nne: foili, blanketi au maranda?

SWALI: Nauza chai ya maziwa kwa mafundi wa ujenzi hapa Njombe. Naipua saa kumi na mbili asubuhi, sufuria ya lita 10, naipakia kwenye bodaboda. Ikifika saa nne, wakati wa mapumziko yao, imeshapoa na wateja wananuna. Kijana wangu wa kidato cha tatu akanifanyia jaribio kwa makopo manne ya maziwa ya unga yenye maji ya moto. Moja alilizungushia foili ya jikoni, la pili kipande cha blanketi, la tatu magazeti, la nne alilizika kwenye maranda. Blanketi na magazeti yalikaribiana, maranda yakafuata, foili ikashika mkia. Lakini tofauti zilikuwa ndogo na tuliporudia maranda yakawa ya mwisho. Si foili ndiyo inayong'aa ndani ya chupa ya chai? Ninunue nini?

JIBU: Kamwene, mama. Nilikurudishia maswali mawili kabla ya kuandika, na ulivyonijibu nusu ya kazi ikaisha hapo hapo. Makopo yalikuwa wazi juu ili kipimajoto kiingie, na maranda mliyachota karakana asubuhi ya siku iliyoamkia mvua.

Nianze na huo uwazi, maana ndio uliovuruga kila kitu. Kijana alidhani anapima blanketi na gazeti, kumbe alikuwa anapima midomo minne iliyo wazi. Maji ya moto hayapotezi joto kwa ubavuni tu, yanalipoteza zaidi kwa mvuke. Lita moja ya maji ikishuka digrii moja hutoa kilojuli 4.2. Gramu moja tu ikigeuka mvuke inaondoka na kilojuli 2.3 hivi. Pigia hesabu sufuria yako: lita 10, kila digrii ni kilojuli 42. Kikombe kimoja cha robo lita kikipanda hewani kama mvuke, kimebeba kilojuli 575. Gawanya kwa 42, chai yote iliyobaki imeshuka digrii 13 na ushei. Kikombe kimoja! Na hapo hujauza hata senti.

Ndiyo maana makopo yote manne yalikaribiana. Shimo la juu lilikuwa linamwaga joto jingi kiasi kwamba tofauti ya kilichozungushiwa ubavuni haikuonekana vizuri. Wapishi wa Pwani wanalijua hili bila fizikia: ukiangalia wali wao unapokaushwa, chini ya mfuniko kuna jani la mgomba au nailoni, ili pasipenye kitu.

Sasa foili. Kinachozuia joto ndani ya blanketi, pamba au gazeti ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi na kurasa, isiyoweza kuzunguka. Wahandisi wana kipimo cha jinsi kitu kinavyopitisha joto, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kinga inavyokuwa bora. Hewa iliyotulia ni 0.026. Pamba, sufu na sufi zinacheza karibu na 0.04. Maranda makavu ni 0.06 hadi 0.08 hivi. Maji ni 0.6. Alumini, ambayo ndiyo foili, inapita 200. Kwa hiyo foili iliyobanwa kwenye kopo ni mlango ulio wazi: joto linapita kama hakuna kitu.

Mng'ao wake una kazi, ila kazi ya namna moja tu, kurudisha joto linalosafiri kama mwanga. Joto la namna hiyo linahitaji nafasi ya kurukia. Chupa ya chai imetengenezewa nafasi hiyo. James Dewar, mwanasayansi Mskoti, aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya kutunza gesi zilizopoozwa hadi zikawa kimiminika, na Wajerumani wakaanza kuiuza kwa jina la Thermos mwaka 1904. Ni chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, hewa ya katikati imefyonzwa karibu yote. Bila hewa joto halina cha kukanyaga, linabaki na njia moja ya kuruka, na hapo ndipo ule mpako wa fedha unapolirudisha. Ninyi mliuchukua mng'ao mkaacha utupu. Isitoshe, kama bati la kopo lenyewe linang'aa, foili juu yake haikuongeza kitu cha maana. Hela ya foili nunulia sukari.

Maranda nayo yameonewa. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na maranda yaliyolala kwenye unyevu yameshajaza maji mahali ambapo hewa ingekaa. Hili nililionea kazini. Nilikuwa fundi wa mabomba ya mvuke kwenye kiwanda cha chai, na kulikuwa na bomba moja ambalo boila ilikuwa inalihangaikia kila msimu wa mvua. Kwa nje lilionekana limevaa vizuri, nyuzi za kioo kisha bati juu. Tulipolivua bati, nyuzi zilikuwa zimelowa kama godoro lililosahaulika nje, zinachuruzika maji ya vuguvugu hadi kwenye viatu vyangu. Paliingia maji kwenye tundu la msumari mmoja. Tulibadilisha mita 6 za nyuzi na kuziba tundu, basi. Tangu siku hiyo mtu akinionyesha kinga ya joto, jambo la kwanza naminya kwa vidole kuona kama ina maji.

Kama kijana anataka kurudia jaribio, na ningependa arudie, abadilishe mambo haya. Kila kopo liwe na mfuniko mnene wa aina moja, wenye tundu dogo linalotosha kipimajoto tu. Kinga zote ziwe na unene mmoja, tuseme sentimita 2. Nadhani blanketi lenu lilikuwa limekunjwa mara mbili wakati gazeti ni kurasa chache. Makopo yakae juu ya ubao, siyo kwenye saruji inayonyonya joto kwa chini. Pawe na kopo la tano lenye mfuniko lakini halina kinga yoyote, la kulinganishia. Na kosa ambalo hata walimu hulifanya: birika moja likimimina makopo manne kwa zamu, la kwanza hupata maji ya moto kuliko la mwisho, na kitu chenye joto zaidi hushuka haraka zaidi. Asianze kuhesabu dakika mpaka kila kopo lifike digrii 80, kila moja kwa saa yake. Asome kila dakika 10 kwa saa moja na nusu. Tofauti ya digrii moja asiitangazie ushindi, vipimajoto vya dukani vinapishana hivyo hivyo. Asishangae pia akikuta maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi. Kwa urefu wa Njombe kutoka usawa wa bahari ndivyo ilivyo.

Tuje kwenye sufuria. Nimepiga hesabu ya lita 10 za chai yenye digrii 85, nje kukiwa na baridi ya digrii 15, kwa saa 4, sufuria imefunikwa na haifunguliwi. Sufuria yenye mfuniko tu: chai inafika saa nne ikiwa na digrii 45. Ikivikwa sentimita 1 ya kitu kama sufi au pamba pande zote, juu na chini, inafika na 70. Sentimita 2 na nusu, 77. Sentimita 5, 81. Ni hesabu za karatasi, barabara na upepo vitakupunguzia kidogo, lakini angalia mwendo wake: sentimita ya kwanza imekupa digrii 25, na zile nne zinazofuata zote kwa pamoja zimekupa 11. Usijichoshe kutafuta unene wa ajabu. Tafuta kinga ya kawaida isiyo na pengo.

Ningekuwa wewe ningechagua sufi, ile ya mti wa msufi waliyokuwa wanajazia mito. Uzi wake una uwazi ndani kama mrija na una nta kwa nje, kwa hiyo unanasa hewa na haupendi maji. Ukiikosa, tumia mabaki ya sponji kwa mafundi wa magodoro, au blanketi kuukuu. Pumba za mpunga zinazotoka Mbarali zinafaa, na hazilowi upesi kama maranda. Lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni ni kinga nzuri sana pia, ila hulegea likigusana na sufuria iliyotoka motoni, kwa hiyo liweke nje ya kitambaa.

Chukua tenga kubwa la nyanya. Shona mifuko ya kitambaa, jaza sufi isiyoshindiliwa (ukishindilia unafukuza hewa), sentimita 3 au 4: mmoja wa kitako, mmoja wa kuzunguka ubavu, na mmoja kama mto wa kukaa juu ya mfuniko. Huo wa juu usiufanyie ubahili. Upande unaotazama sufuria funika na nailoni nzito ili mvuke usiingie kwenye sufi. Jani la mgomba chini ya mfuniko, kamba juu ya tenga, panda bodaboda. Na tafadhali, kabla ya kuitumbukiza, futa kitako cha sufuria na uhakikishe hakuna kipande cha kaa kilichong'ang'ania. Sufi inawaka kama petroli.

Jambo ambalo hukuniuliza: unauzaje? Ukifunua sufuria kwa kila mteja, mvuke ule wa kikombe kimoja utautoa kidogo kidogo mpaka tenga lote lisiwe na maana. Gawa chai kwenye sufuria mbili za lita 5, kila moja na tenga lake. Ni kweli mbili ndogo hupoa haraka kuliko moja kubwa, lakini moja itabaki imefungwa mpaka ya kwanza iishe, na hilo linalipa. Kama una mtaji, chombo cha chuma cha pua chenye koki chini kinamaliza tatizo hilo kabisa, nacho unakivika sufi vile vile. Chupa kubwa za chai zingefanya kazi bora kuliko vyote, ila za kioo na bodaboda za barabara ya vumbi, mimi nisingethubutu.

Kwa kuwa ni chai ya maziwa, isishuke chini ya digrii 60 ikiwa inasubiri wateja. Chini ya hapo vijidudu vinaanza kuzaliana. Wiki ya kwanza azima kipimajoto cha kijana, upime. Ukikuta saa nne inasoma 60 au pungufu, usikimbilie kuongeza sufi. Pitisha kiganja kuzunguka ukingo wa mfuniko, na mahali utakapohisi mvuke ndipo pa kuziba.