Lainibeka wa miaka 35: asajiliwe au aachwe? Majibu ya maswali yenu

Timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, inamtaka lainibeka (mlinzi) wa miaka 35, si bora wachukue kijana kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya?

Ndugu yangu mimi nasema asajiliwe, ila mwaka mmoja tu. Mwangalie lainibeka mkongwe Bobby Wagner. Seattle walimwachia Machi 2022, miaka 31 wakati huo, akacheza timu ya Rams msimu mmoja, akarudi Seattle, halafu 2024 Washington wakampa mwaka mmoja kwa pesa isiyozidi dola milioni 8.5. Msimu wa kabla yake Washington walishinda mechi 4 kati ya 17, huo wa kwanza naye wakashinda 12 wakafika hadi fainali ya NFC, moja ya pande mbili za ligi. Kotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) kijana Jayden Daniels ndo alibeba timu, hilo halina ubishi, lakini difensi, yaani ulinzi, nayo ilipata mtu wa kuipanga. Na kocha Dan Quinn alikuwa anamjua vizuri, ndo alikuwa mkuu wa difensi Seattle 2013 na 2014, kwahiyo mzee hakuja kufundishwa upya. Hilo la kocha watu wanalipita haraka sana.

Mimi mgeni kwenye NFL, huyo lainibeka anafanya nini mpaka mzee alipwe kwa akili badala ya mbio?

Karibu sana. Anasimama katikati, nyuma ya yale majitu ya mstari wa mbele. Mmoja wao utamwona ana kidoti cha kijani nyuma ya helmeti, maana yake ndani kuna spika na anamsikia kocha mpaka saa ya kuanzisha mchezo ibaki sekunde 15, hapo sauti inakatwa na yeye ndo anakuwa kocha. Mzee analipwa kwa ajili ya hizo sekunde 15. Anaona mtu wa mstari wa wapinzani kaegemea nyuma kidogo, anaona taiti endi (mshambuliaji anayezuia na pia kupokea pasi) kahamia upande wa pili, anapiga kelele, anawasogeza wenzake hatua mbili, mpira ukianza tu yeye keshaondoka. Kijana mwenye mbio atafika palepale, sema kachelewa, maana alisubiri aone kwanza.

Wagner 2023 aliangusha watu mara 183, hakuna aliyemfikia ligi nzima. Umri una shida gani hapo?

Shida ipo mkuu, na hiyo namba inadanganya wengi. Seattle mwaka huo walikuwa wanakimbiwa katikati kila wiki, yaani wapinzani wanapita hapo wakikimbia na mpira, wakamaliza 9-8 na mtoano hawakuingia. Ukikimbiwa sana lainibeka wako ataangusha sana, ni lazima. Swali la kuuliza ni kaangusha wapi, kwenye mstari au mpinzani keshachukua yadi 6?

Halafu tazama pasi. Kotabeki anajifanya anampa mkimbiaji mpira, lainibeka anavutwa hatua mbili mbele, mpira unarushwa nyuma yake. Wa miaka 25 anageuka na kuuwahi. Wa miaka 35 amejua kabla ya wote kwamba kadanganywa, lakini miguu haimrudishi, na kwa kweli inauma kumtazama mtu uliyempenda miaka yote akifukuzia mgongo wa taiti endi.

Kwa nini unang'ang'ania mwaka mmoja? Kama ni mzuri apewe hata mitatu.

Buffalo walimpa Von Miller miaka 6 na dola milioni 120 mwaka 2022 akikaribia miaka 33. Yeye ni wa pembeni, kazi yake kumvamia kotabeki, lakini somo ni lilelile. Alianza kwa moto, Novemba hiyohiyo goti likachanika kule Detroit, msimu uliofuata hakumwangusha kotabeki hata mara moja, na Machi 2025 wakaachana naye. NFL ina kikomo cha mishahara, kwahiyo pesa uliyomfungia mzee ni mchezaji mwingine umemkosa.

Yule Mkenya Daniel Adongo hakuwa lainibeka pia?

Ndiyo, timu ya Colts walimchukua 2013 kutoka raga, na mchezo huu alikuwa hajawahi kuucheza hata mechi moja. Mwili alikuwa nao, mbio alikuwa nazo, na bado aliishia kucheza mechi chache tu kabla ya kuachwa 2015. Simlaumu hata kidogo. Wenzake walikuwa wameanza kusoma mchezo tangu wakiwa watoto, huwezi kulipia hayo kwa miezi michache, na ndo maana timu bado zinampigia simu mzee.

Ungekuwa wewe meneja ungesaini?

Ningesaini, kama pembeni yake kuna mwenye mbio. Washington walimleta Frankie Luvu mwaka uleule wa Wagner na hapo walifanya akili, mmoja anasoma mwingine anakimbia. Lakini 2025 walimrudisha Wagner kwa mwaka mwingine, timu ikaporomoka hadi ushindi 5. Kwahiyo mimi ningemwambia mzee mapema, kabla hajaweka saini: wapinzani wakibakiza yadi nyingi za kutafuta na kila mtu anajua pasi inakuja, unatoka, anaingia kijana. Akikataa hilo, namshukuru na natafuta mwingine.