Mnaoniuliza kama Wamarekani wanapiga kura

Wapwa zangu mmeniuliza, tena kwa kejeli kidogo: hawa wanaojifanya walimu wa demokrasia, wenyewe foleni wanapanga? Inategemea mnauliza mwezi gani.

Hapa Minnesota, Novemba 2020, karibu watu 80 katika kila 100 wenye haki ya kupiga kura walipiga. Hakuna jimbo lililotupita. Lakini Machi mwaka huohuo, kwenye kura za maoni za kupata wagombea urais, kura hazikufika laki tisa. Novemba zilipita milioni 3.2.

Msinipe kisingizio cha kazi. Kazi zinabana kweli, ila sheria ya hapa inamruhusu mfanyakazi kutoka akapige kura bila kukatwa mshahara. Wabongo wenzangu wenye uraia huniambia, "Hayo mambo ya vyama, mimi simo." Ikifika Oktoba ndio haohao wanaolalamika kwamba wameletewa wazee wawili. Wameletewa na nani?

Zipo sababu za maana, sikatai. Kwenye kura hizo za maoni, kituoni lazima useme unataka karatasi ya chama gani, Democrat au Republican, na chaguo hilo linaandikwa na kupelekwa kwa vyama. Watu wa huku hawapendi chama chao kijulikane. Halafu majimbo hayapigi siku moja, kwa hiyo mgombea anaweza kuishia njiani kabla hamjafikiwa. Mwaka huo wa 2020 seneta wetu wenyewe, Amy Klobuchar, alijitoa zikiwa zimebaki saa chache tu kabla ya siku yetu. Waliompigia mapema kura zao zilikwenda na maji. Majimbo yanayopiga Juni ndio kabisa: mara nyingi wanakuta mshindi keshajulikana.

Na hiyo ni nafuu. Mwaka 2016 tulikuwa bado na mikutano ya vyama badala ya kura hizo za vituoni: unafika jioni moja ya Machi, muda uliopangwa, basi. Hata mmoja kati ya kumi hawakufika. Kama una zamu ya usiku, imekula kwako.

Huko nyumbani, ambako wajumbe wa chama ndio hupiga kura za maoni, mna msemo wenu kwamba wajumbe si watu wazuri. Huku hakuna wajumbe wa kuwalaumu. Mjumbe ni yeyote aliyejisumbua kutoka siku hiyo, na wazee hujitokeza zaidi kuliko vijana.