Kilomita ni Zilezile, Saa Hazilingani

Maswali mengi ya juma hili yanatoka kwa watu waliokokotoa umbali kati ya miji miwili, kisha wakashangaa kuona saa za safari haziendani nao.

Madrid na New York ziko karibu latitudo moja. Mbona ndege hupinda kwenda kaskazini?

Ndege haipindi, ni ramani inayokudanganya. Dunia ni tufe, na ukilikunjua tufe likawa karatasi bapa, njia fupi huonekana kama upinde. Vuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka mji mmoja hadi mwingine, utauona ukipanda wenyewe kaskazini. Njia hiyo ni kama kilomita 5,770. Ukiing'ang'ania latitudo ya nyuzi 40 mwanzo hadi mwisho, utakaribia kilomita 5,950.

Nilitoka London kwenda New York kwa saa nane, nikarudi kwa saa saba. Je, rubani wa kurudi aliongeza mwendo?

La, alisukumwa na upepo. Kilomita 9 hadi 12 juu ya ardhi kuna mkondo mkali wa hewa unaotoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi huzidi kilomita 160 kwa saa. Ndege hupata kasi yake ndani ya hewa, na hewa yenyewe iko safarini: ikielekea uendako inakubeba, ikikujia usoni inakurudisha nyuma. Wakati wa baridi mkondo huo huwa na nguvu zaidi. Februari 2020, dhoruba ilipouchochea, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Umbali ulikuwa uleule, kama kilomita 5,540. Ndiyo maana nawasihi wasomaji: ukitaja muda wa safari, taja na upande unaoelekea.

Tiketi inasema naondoka London saa 5 asubuhi na kufika New York saa 8 mchana. Ni saa tatu tu?

Ni saa nane. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na New York kwa kawaida iko nyuma ya London kwa saa tano. Geuza saa zote mbili ziwe za mji mmoja kwanza, ndipo utoe.

Tovuti mbili zimenipa umbali tofauti. Niamini ipi?

Huenda zote ni sahihi. Moja imepima katikati ya mji, nyingine uwanja wa ndege. Angalia pia kipimo: maili ya baharini ni kilomita 1.852, ya nchi kavu ni 1.609.

Nawezaje kukadiria muda mwenyewe?

Gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hesabu hii inafaa kwa ndege za jeti zisizotua njiani, lakini haijui siasa. Tangu Urusi ilipoyafungia anga lake mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo imepanda kutoka saa tisa na nusu hivi hadi karibu kumi na tatu, kwa sababu ndege inazunguka. Kwa hiyo ukienda kumpokea mtu, tumia ratiba ya shirika. Muda wake huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa, si tangu magurudumu yanapoacha ardhi.